Mdogo wangu wa Mtama, usimeze hivyo vidonge vya uvimbe

Usimeze hata kimoja. Umeandika kwamba mwiba ulikuchoma unyayoni siku 4 zilizopita, mguu umevimba, una joto, unatoa usaha, na muuza duka amekupa prednisoloni ya "kutoa uvimbe". Unauliza umeze mara ngapi kwa siku, na ule nini ili kinga ipande. Nimesoma nikaingiwa na baridi, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, na leo mguu wangu wa kulia una vidole 4.

Mimi niko Tandahimba. Ilikuwa wakati wa kupulizia salfa mikorosho, nimevaa kandambili, mwiba ukaingia chini ya kidole cha pili. Nikauchomoa nikaendelea na kazi. Siku ya tatu sikuweza kukanyaga. Muuza dawa mmoja akanihesabia vidonge kwenye karatasi ya daftari, hakuandika jina la dawa wala chochote, akasema: "Uvimbe ndio ugonjwa wenyewe, ukinywea umepona." Na ukanywea kweli! Siku 2 tu mguu ukarudi kawaida, homa ikakata, hamu ya kula ikaja. Nilimsifia yule bwana mtaa mzima. Siku ya 6 nikatetemeka usiku kucha, mtoki ukasimama kinenani, kulipokucha kidole kimekuwa cheusi. Hospitali wakakikata. Nililala wodini wiki 3, na hela ya matibabu niliipata kwa kuuza korosho kangomba, yaani kwa walanguzi, zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, mwaka ambao nilishapanga kuezeka nyumba. Anayetaka kuniuliza kwa nini nilikimbilia dukani aje kwanza apande bodaboda kwenye mchanga wa huku na mguu umevimba kama gogo, halafu tuongee.

Sasa uelewe alichotaka kukuzimia huyo muuza duka. Chini ya ngozi kuna chembe walinzi ziitwazo makrofaji. Hazihitaji kufundishwa, unazaliwa nazo. Bakteria hazimjui kwa jina, ila zina vipokezi vinavyonasa vitu alivyo navyo yeye na mwili wako hauna: lipopolisakaraidi iliyo kwenye gamba la nje la bakteria wengi, au protini ya ule mkia wanaoogelea nao. Kipokezi kikishagusa kitu kama hicho, mlinzi anapiga yowe. Yowe lenyewe ni kemikali, saitokini. Mishipa midogo inapanuka, ndiyo maana pamekuwa pekundu na pa moto. Kuta zake zinalegea, maji ya damu yanavujia nje, ndio uvimbe. Chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili zinaunata ukuta wa mshipa, zinapenya, zinawameza bakteria na kufa palepale kwa wingi. Usaha unaouona ni maiti zao. Yowe likifika ubongoni, homa inapanda.

Prednisoloni inalifumba yowe hilo mdomo. Bakteria haimuui hata mmoja. Daktari kijana aliyekuwa akinisafisha kidonda alinionyesha majibu ya damu: nyutrofili tele. Akaniambia dawa ile inazifanya zisinate ukutani, kwa hiyo zinazunguka kwenye damu tu wakati nyama inaoza. Nilimwelewa palepale. Wanakijiji wamejaa barabarani na mapanga, na hakuna anayesikia nyumba inayovamiwa ni ipi.

Ni daktari huyo aliyenisimulia habari za mwanasayansi Ilya Metchnikoff. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, alichukua kitoto cha kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, hao hao tunaowaona maji yakitoka pale Mikindani, ila wakiwa wachanga mwili wao unaonyesha mpaka ndani. Akakichoma mwiba. Asubuhi akakuta chembe zimeuzunguka mwiba kila upande. Kwa kazi iliyoanzia hapo akapata tuzo ya Nobeli ya mwaka 1908, pamoja na mwanasayansi mwenzake Paul Ehrlich. Nililia nikisikia hayo, sikufichi. Kiti cha pweza kinauzingira mwiba wake, mimi nimelipa pesa ili wangu usizingirwe.

Kwa hiyo shika hili moja: uvimbe wenye joto na usaha hauzimwi kabla hajajulikana aliyeuleta. Na nina hasira na hawa wanaouza dawa kali kwa kuhesabu kwenye karatasi. Wanajua mteja atarudi kushukuru siku ya pili, ya sita hawamwoni. Sisemi dawa yenyewe ni mbaya. Kuna wenye pumu na magonjwa mengine wanaopewa na daktari, hao wasiiache ghafla kwa sababu yangu. Naongelea mguu wenye usaha.

Kesho alfajiri panda gari uende kituo cha afya, usingoje gulio lipite. Waambie wapekue kama kipande cha mwiba kimebaki ndani, maana kikibaki usaha haukauki. Ukiona mstari mwekundu unapanda mguuni, au ukaanza kutetemeka, usingoje hata hiyo alfajiri. Vidonge usivitupe, beba na karatasi yake uwaonyeshe. Na nijibu hapa leo hii: chanjo ya pepopunda ulichoma lini mara ya mwisho?