Kupunguza Vichwa vya Mada kwa Vitabu vya Sheria ya Katiba: Ushauri kwa Wakutubi wa Maktaba Ndogo

Mkutubi anayeorodhesha vitabu vya sheria hapa Mwanza kwa kawaida hutumia orodha ya vichwa vya mada (maneno yanayomwambia msomaji kitabu kinahusu nini) ya Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoanza kutungwa mwaka 1898. Sina ugomvi na orodha hiyo, kwa sababu bila hiyo tusingeweza kuchukua rekodi zilizokwisha kuandaliwa na maktaba nyingine. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kuwahudumia wanafunzi, mawakili na wananchi wanaofika kwenye maktaba ya sheria na swali moja tu mkononi, nimeona kwamba katika fungu la sheria ya katiba vichwa hivyo huwa virefu kupita haja. Mada, nchi, kipindi na aina ya chapisho vyote huunganishwa katika mstari mmoja ambao msomaji hawezi kuubuni anapotafuta, na mkutubi mgeni hawezi kuurudia vilevile kitabu cha pili kinapoingia.

Ushauri wangu ni kuuvunja mstari huo. Katika MARC, muundo wa rekodi za kompyuta ambao kila sehemu yake, yaani uga, ina namba, mada iandikwe peke yake kwenye uga wa 650, mahali kwenye 651, kipindi kwenye 648 na aina ya chapisho kwenye 655. Utaratibu huu si wa kubuni nyumbani, kwani ndio msingi wa FAST, mfumo wa vichwa vya mada ambao OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, na Maktaba ya Bunge la Marekani walianza kuushughulikia mwaka 1998 kwa lengo hilohilo la kurahisisha. Namba ya rafu haihitaji kuguswa: kitabu cha sheria ya katiba ya Tanzania kitabaki kwenye 342.678 ya Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba.

Kwenye aina ya chapisho ndiko ninakowaomba wenzangu wakae muda mrefu zaidi. Swali la kwanza unapokishika kitabu ni hili: je, hiki chenyewe ni katiba, au kinazungumzia katiba? Katalogi nyingi nilizopata kuzitumia huchanganya mambo hayo mawili, hivyo mtu anayetaka maandishi ya Katiba ya mwaka 1977 huletewa rundo la vitabu vya uchambuzi, huku chapa anayoihitaji ikiwa imejificha chini kabisa ya orodha. Neno "Katiba" kwenye uga wa 655 liwekwe kwa maandishi yenyewe tu. Vitabu vya uchambuzi vipewe mada ya "Sheria ya katiba" kwenye 650, na visiguse 655 kwa neno hilo hata kama mwandishi ameambatisha katiba nzima mwishoni.

Kuna nyaraka zinazolipima sharti hili vizuri. Rasimu ya pili iliyotolewa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba mwezi Desemba 2013 ina ibara 271. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu tarehe 2 Oktoba 2014, ina ibara 296. Hizi ni nyaraka mbili tofauti, na wasomaji huzitafuta hasa ili wazilinganishe, kwa mfano kuhusu muundo wa serikali tatu ambao rasimu iliupendekeza na Bunge Maalumu likauacha. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, kwa hiyo hakuna kati ya hizo mbili iliyopata kuwa katiba ya nchi. Mimi huzipa zote aina ya "Rasimu za katiba" na mwaka wake. Najua wapo wanaosema kwamba ya pili si rasimu tena kwa kuwa Bunge Maalumu lilikwisha kuipitisha, nami naiheshimu hoja hiyo, lakini katalogi haina budi kumwonya msomaji kwamba anachokishika hakitumiki mahakamani.

Mwaka una uzito huohuo kwa Katiba ya 1977 yenyewe. Chapa iliyotoka kabla ya mwaka 2000 haina Mabadiliko ya 13, yaliyoondoa sharti la mgombea urais kupata zaidi ya nusu ya kura zote halali. Mwanafunzi aliyeazima chapa hiyo bila kujua ataandika jibu lisilo sahihi kwa moyo mkunjufu. Andika kwenye maelezo ya kitabu kwamba chapa inajumuisha mabadiliko hadi mwaka fulani, na maelezo hayo yaonekane kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo.

Kuhusu mahali, Katiba ya mwaka 1962 ni ya Tanganyika, na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 iandikiwe Zanzibar. Zote zisimezwe na jina la Tanzania. Sisi wa kandokando ya Ziwa hupokea pia vitabu vya Kenya na Uganda, na mkutubi mvivu hupenda kuvirundika vyote chini ya Afrika Mashariki. Jina hilo litumike kwa vitabu vinavyolinganisha nchi hizo tu.

Kupunguza vichwa, hata hivyo, hakumaanishi kila kitu kiitwe sheria ya katiba. Chukua hukumu iliyotolewa mwaka 1990 na Mahakama Kuu hapa Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, kuhusu mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi. Jaji alitumia Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuiona mila iliyomzuia mwanamke kuuza kuwa ya ubaguzi. Makala au kitabu kinachoichambua hukumu hiyo kinastahili "Haki za wanawake", "Sheria za kimila" na "Ardhi ya ukoo" pamoja na "Sheria ya katiba", kwa sababu mwananchi mwenye mgogoro wa shamba Sengerema hatatafuta kwa neno katiba. Vichwa vinne vifupi humsaidia kuliko kimoja kirefu.

Baada ya hapo rekebisha njia za kuingilia. Watu hutafuta "Tume ya Warioba" (ile Tume ya Mabadiliko ya Katiba) na "Tume ya Nyalali" (ile ya mwaka 1991 kuhusu mfumo wa vyama vya siasa), si majina rasmi. Kwa wanaotumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba, jina la mazoea huingizwa kwenye rekodi ya jina lililokubaliwa, uga wa 410 kwa taasisi na 450 kwa mada, na programu itamfikisha msomaji panapohusika. Weka daftari kwenye kaunta na uandike maneno ambayo watu huyatamka wanapouliza; mimi nimepata humo majina mengi ambayo nisingeyafikiria nikiwa nimekaa peke yangu kwenye kompyuta.

Vichwa virefu vya awali usivifute. Vifiche visionekane kwa msomaji, lakini vibaki ndani ya rekodi, kwani siku maktaba yako itakapounganisha katalogi yake na ya chuo kingine, hivyo ndivyo vitakavyolinganishwa. Kazi yenyewe ianzie kwenye vitabu vinavyoazimwa sana, na ripoti za zamani za semina zisubiri likizo za vyuo, kaunta inapokuwa na watu wachache.