Barua kwa mwanangu: kinachokufungisha kwenye sataranji

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini unazidi kufungwa kwenye sataranji ilhali miezi sita sasa unakariri namna za kufungua mchezo. Nimeipitia ile michezo kumi uliyonitumia. Kufungua unajua vya kutosha. Unafungwa kwa sababu unagawa vipande bure, na mpinzani akigawa vyake huvioni.

Kila akicheza, jiulize kwanza: hapa anatishia nini? Ukishachagua hatua yako, usiicheze bado. Tazama anaweza kumtishia mfalme wako wapi, anaweza kula nini, kisha malkia wako yuko salama? Angalia pia kipande unachokihamisha kilikuwa kinalinda nini. Mara nyingi farasi wako anaondoka na askari aliyekuwa akimtegemea anabaki yatima.

Halafu hesabu. Askari ni 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9. Ukitaka kula kipande kinacholindwa, washambuliaji wako wawazidi walinzi wake. Wakiwa sawa, kwa kawaida utaingia hasara. Ila hesabu hii ina mtego, na umenaswa nao mara tatu: askofu wako yuko c4 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo), farasi g5, unamla askari wa f7 kwa farasi, ngome yake inamla, askofu wako anaila ngome, mfalme wake anamaliza. Umetoa 6, umepata 6. Lakini umepoteza vipande viwili vilivyokuwa kazini, na ngome yake ilikuwa bado imelala. Mapema hivyo, askofu na farasi wana nguvu kuliko ngome na askari mmoja.

Ukiwa na weusi, mpinzani akamtoa malkia mapema hadi h5, linda askari wako wa e5 kwa kumpeleka farasi c6. Akileta askofu c4, usimfukuze malkia kwa farasi f6: atakula f7, mraba unaolindwa na mfalme peke yake, na mchezo umekwisha. Peleka askari g6 kwanza. Malkia akirudi f3, hapo ndipo farasi aende f6.

Achana kabisa na michezo ya dakika tatu, mwanangu; inakuzoesha kukisia. Cheza ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa hatua, miwili kwa siku inatosha. Pale Lichess, tovuti ya sataranji ambako kucheza ni bure, fanya mafumbo mepesi dakika 20, na usiguse skrini kabla hujaliona jibu la mpinzani. Baada ya kila mchezo andika daftarini hatua unayodhani ilikuharibia, ndipo uiachie kompyuta ichambue.

Na ule mchezo uliokuwa na malkia dhidi ya mfalme mtupu ukaishia sare, uliniuma. Mweke malkia umbali wa mruko wa farasi kutoka kwa mfalme wake, kisha umwige: akisogea kushoto, nawe kushoto, akishuka, nawe ushuke. Atajikuta pembeni. Akiingia pembe kabisa acha kumwiga, maana hatua moja zaidi inamnyima pa kwenda bila kutishiwa, na hiyo ni sare. Muachie miraba miwili ya kurukia, umlete mfalme wako taratibu, kisha mmalize kwa malkia. Rudia dhidi ya kompyuta hadi ufaulu mara kumi mfululizo, halafu nitumie michezo mingine.

Baba yako