Namba Kubwa Usiiogope, Ivunje Kwanza

Mimi hufundisha hesabu jioni hapa Buruburu, na wengi wa wanafunzi wangu wanajiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Mwanafunzi akipewa namba ya tarakimu sita, mkono unakimbilia kikokotoo kabla macho hayajaisoma. Ushauri wangu ni huu: ivunje kwanza hadi ubaki na namba tasa, zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu, ndipo uulize swali lolote.

Chukua 720,720. Ukiitazama vizuri, ni 720 iliyoandikwa mara mbili, yaani 720 × 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Tayari una namba tasa tatu na hujagawanya chochote. Mkikwama kwenye jam ya Jogoo Road, mwambie mtoto asome tarakimu tatu za namba ya gari lililo mbele, aziandike mara mbili, kisha agawanye kwa 7, kwa 11, na kwa 13. Tuseme ni 482. Inakuwa 482,482. Gawa kwa 7, unapata 68,926. Kwa 11, 6,266. Kwa 13, 482 hiyo imerudi! Nimeona watoto waliosema hesabu haiwaingii wakiomba gari lingine.

Namba isiyojirudia ikate tatu tatu kutoka kulia, halafu toa na kujumlisha kwa zamu. Jibu likiwa sifuri, au likigawanyika kwa 7, 11 au 13, basi na namba nzima inagawanyika hivyo hivyo.

Sasa 720 ni 2⁴ × 3² × 5, kwa hiyo namba yetu ni 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Hapa ndipo napenda tukae sana. Ina vigawo vingapi, yaani namba zinazoigawanya bila baki? Ukiunda kigawo, waweza kukosa kutia 2, au kuitia mara moja, mbili, tatu au nne: hizo ni njia tano. Kwa 3 ni njia tatu. Kila moja kati ya zilizobaki, njia mbili: ipo au haipo. 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Hakuna namba iliyo chini ya 720,720 yenye vigawo vinavyofika hapo. Mwanahisabati wa India, Srinivasa Ramanujan, aliziandikia namba za aina hii makala ndefu mwaka 1915. Tena 720,720 ndiyo ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16.

Ukiulizwa uizidishe kwa ngapi ili iwe namba mraba, tazama vipeo tu, yaani idadi ya mara kila namba tasa inavyojirudia. Vilivyo witiri ni vya 5, 7, 11 na 13, basi zidisha kwa 5,005. Kipeuo chake cha pili kitakuwa 60,060.

Namba ikikataa kuvunjika, usijaribu bila kikomo. Ikiwa chini ya 1,000,000, namba tasa zilizo chini ya 1,000 zinatosha, nazo ni 168 tu, kwa sababu namba ikivunjika kuwa vigawo viwili, angalau kimoja hakizidi kipeuo chake cha pili.

Kikokotoo kiache mwisho. Namba ikizidi nafasi za kioo chake, kinakadiria na kuficha tarakimu za mwisho, nazo ndizo zinazoonyesha kama inagawanyika kwa 2 au 5.

Jipime kwa 1,081,080. Ukiikata tatu tatu: 80 − 81 + 1. Vigawo vyake ni 256. Vitafute kwa kalamu.