Kipini cha pua kinawasha: je, titani itasaidia?

Dada yangu, wiki tatu tangu utobolewe pua hapo Kampala, kipini cha “silva” kinawasha, na sasa muuzaji anakupa cha “titani”. Huenda kinachokuwasha ni nikeli, metali inayowaletea wengine mzio. Titani safi haina.

Ila neno titani tu halitoshi. Uliza kama ni daraja la ASTM F136, lile la vipandikizi vya hospitali, na uombe karatasi ya kiwanda inayothibitisha hivyo. Sumaku isikudanganye: titani hainasi, lakini hata shaba hainasi. Kipime kwa mizani ndogo: uzito wa titani ni zaidi kidogo tu ya nusu ya chuma cha ukubwa uleule.

Kisha angalia mkia, kile kijiti kinachopita tunduni. Nyuzi za skurubu zikiwa nje, zinakwangua kidonda kila zikipita. Chukua chenye nyuzi ndani, au kichwa cha kuchomeka. Unene uwe uleule wa mwanzo, kwa kawaida milimita 0.8 au 1. Chembamba zaidi, tundu linasinyaa.

Usijibadilishie nyumbani, mtobozi avae glavu, kipini kitakaswe vijidudu kwa mvuke wa presha. Ukiona usaha, homa, au wekundu unaosambaa, nenda kliniki kwanza, na usikichomoe: tundu likifunga, usaha unabaki ndani.