Jibu langu ni Oliver na Adelaide Tambo

Mhariri salaam, na mlionizidi umri shikamooni. Wiki hii mmeuliza ni mume na mke gani ambao maisha yao ya kutumikia watu yamekugusa, na kwa nini. Mimi ni nesi hapa Morogoro na jibu nilikuwa nalo siku nyingi, ni Oliver Tambo na mkewe Adelaide, waliopigania uhuru wa watu weusi Afrika Kusini.

Mzee wengi mnamjua. Wakili, mwaka 1952 alifungua ofisi na Mandela pale Johannesburg kwenye jengo la Chancellor House, karibu kabisa na mahakama, watu wanajaa mpaka kwenye ngazi na korido, huyu kakamatwa hana pasi, kile kibali alicholazimishwa mtu mweusi kutembea nacho, yule kapita mlango wa wazungu, mwingine kafukuzwa kwenye ardhi ya babu zake. Ila leo nataka nimwongelee mama zaidi maana naona tunamruka sana.

Adelaide alikuwa na miaka 10 polisi walipovamia mtaa wao Vereeniging wakamkamata babu yake, mzee wa miaka 82 tena mgonjwa, wakampeleka uwanjani mzee akaanguka akazimia. Yule mtoto akakaa pembeni yake mpaka babu akazinduka. Hana dawa hana nini, amekaa tu. Sisi wa wodini tunajua kukaa kule kulivyo, unaangalia kifua kinapanda kinashuka unahesabu, huwezi kutoka hata ukiitwa.

Akasomea unesi, akaingia harakati akiwa bado binti mdogo. Wakaoana Desemba 1956, na mwezi huohuo bwana harusi alikuwa amekamatwa kwa kesi ya uhaini, yaani wakili kageuka mshtakiwa na harusi wakafunga hivyohivyo.

Halafu 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, polisi walipowapiga risasi watu waliokuwa wanapinga pasi, chama chao cha ANC kikamtuma Oliver atoke nje, akapitia Bechuanaland, Botswana ya leo, akaja mpaka huku kwetu Dar. Mama naye akatoka na watoto akaishia London. Mtu akisikia London anadhani raha jamani, kumbe baba yuko safarini miaka nenda rudi, leo Dar kesho Lusaka keshokutwa New York anaomba mataifa yawasaidie, kazi ya chama haina mshahara wa kulea watoto watatu, nyumba inaendeshwa na shifti za nesi mmoja. Mimi nikitoka naiti miguu imevimba, viatu haviingii, nikifika nyumbani mtoto anataka uji na nguo za shule hazijapigwa pasi, na mimi mume wangu yupo, mama mkwe yupo. Yeye hakuwa na mama mkwe pale Muswell Hill, mtaa wao wa London. Na nyumba hiyohiyo ndo wakimbizi kutoka kwao walikuwa wanafikia, wanakula, wanalala, bado ana familia za wafungwa kule nyumbani za kushughulikia.

Hapa Morogoro ukienda Mazimbu utaona kazi yao. Serikali ya Mwalimu iliwapa ANC eneo lile 1977 wakajenga shule ya watoto wa wakimbizi, wakajenga na hospitali, Oliver mwenyewe akaja kuizindua shule rasmi 1985. Sasa hivi ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya waliofia huku yapo palepale, wanafunzi wanapita tu na madaftari yao. Mimi kila nikipita nasema moyoni, hawa waliofia mbali hivi kuna mtu alikaa nao pembeni?

Oliver alirudi kwao Desemba 1990, miaka 30 imepita na kiharusi kilikuwa kimeshampata mwaka mmoja nyuma. Sasa mgonjwa ni mumewe. Alifariki Aprili 1993, uchaguzi wa kwanza wa watu wote umebaki mwaka mmoja tu, inaniuma hiyo mpaka leo. Mama ndo aliyeingia kwenye bunge lile la 1994, akakaa mpaka 1999.