Ruzuku ya ubalozi kwa kisima cha Mtongwe
Dadangu, kikundi chenu cha Mtongwe chaweza kuomba ruzuku ndogo ya ubalozi wa Japani kwa kisima, ila cheti cha usajili peke yake hakitoshi. Leteni kotesheni (karatasi za makadirio ya bei) tatu za wakandarasi tofauti, zote kwa kazi ileile. Hapa ndipo wengi hukwama: mmoja kaandika tangi la lita 5,000, mwingine 10,000, basi bei hazilinganishiki. Mishahara na stima ubalozi haulipi, kwa hivyo onyesheni mtakavyotoza wateka maji ili kuzilipa, tuseme shilingi 5 kwa mtungi wa lita 20. Na kiwanja? Neno la mzee wa mtaa si hati! Pimeni chumvi ya maji mapema pia. Huku pwani, pampu ikivuta kupita kiasi maji ya bahari huingia kisimani.