Kabla hujachukua pointi ya kwanza

Wengi wanaoingia kwenye kazi ya upimaji wa ardhi hukabidhiwa GPS, wakaonyeshwa kitufe cha kuhifadhi pointi, basi. Kitufe utakizoea siku hiyohiyo. Jifunze kwanza namba zile za latitudo na longitudo zinapatikanaje, maana asiyejua hilo hata namba ikikosea haoni.

Latitudo ni pembe kutoka ikweta, na tangu zamani ilisomwa angani. Ukiwa kaskazini mwa ikweta, kimo cha Nyota ya Kaskazini juu ya upeo wa macho karibu kilingane na latitudo yako. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikipima kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, ncha ya uzi wameibana kwa meno.

Longitudo, yaani pembe ya mashariki au magharibi kutoka mstari wa Greenwich huko Uingereza, ndiyo iliyosumbua, kwa sababu dunia inazunguka: nyuzi 15 kila saa, yaani dakika 4 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo kuipima ni kulinganisha saa ya hapo ulipo na saa ya Greenwich. Chukua Dar es Salaam. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, lakini jiji liko nyuzi 39 na dakika 17 (dakika hii si ya saa, ni sehemu ya 60 ya nyuzi). Pungufu hilo la nyuzi 5.7 hivi ndilo linalofanya jua la mchana lifike kileleni, kwa wastani, saa sita na dakika 23. GPS nayo inahesabu muda, ule ambao mawimbi yanautumia kutoka satelaiti nne au zaidi. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unapotoka kwa mita 300.

Sasa makosa ninayokutana nayo zaidi kwenye majedwali. Nyuzi 6 na dakika 48 Kusini si 6.48. Dakika 48 gawanya kwa 60 upate 0.8, kwa hiyo andika -6.8; alama ya kutoa ndiyo Kusini. Ukiandika 6.48 umeihamisha pointi kilomita 35 na ushee. Ukisahau alama ya kutoa, Dar es Salaam inaangukia Ethiopia!

Kosa hilo angalau linaonekana kwenye ramani. La hatari ni lile lisiloonekana: ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya Arc 1960, wakati GPS yako inasoma WGS84, na hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kuhesabia latitudo na longitudo. Ukizichanganya, pointi inasogea karibu mita 300 kaskazini au kusini, na bado inakaa kijiji kilekile, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Ila kwa mkulima mwenye ekari mbili, hizo mita 300 ni shamba lote limehamia kwa jirani.

Kwa hiyo juu ya kila fomu andika mfumo uliotumia na namna ulivyoandika nyuzi. Na kabla ya kuanza kazi, simama kwenye bikoni, yaani alama ya upimaji iliyowekwa ardhini, ambayo vipimo vyake viko ofisini, soma GPS, linganisha. Zikitofautiana kwa mamia ya mita, usichukue pointi nyingine yoyote mpaka ujue sababu.